Aliyemfunga Kiumbe Amejifunga Mwenyewe

Msomaji, nianze kwa neno ambalo huenda likakuudhi. Mtu amtiaye kiumbe hai katika chombo cha kioo, akamtazama kwa furaha siku saba, kisha akamtupa maiti siku ya nane huku akisema kwamba siku zake zilikuwa zimetimia, si mpenzi wa wanyama. Ni mlinzi wa gereza asiyejua kwamba analo gereza. Nasema hivi kwa ukali, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watu hao. Na kosa langu lilizidi la wengine, maana nilikuwa mwalimu, na vijana arobaini walikuwa wakinitazama ili wajifunze.

Kinna ni mji mdogo katika Kaunti ya Isiolo, na kusini yake iko Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Wenyeji wake wengi ni Waborana, watu wa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Nchi ni kame na jua lake ni kali. Lakini Mungu amewajalia watu wa Kinna chemchemi, na kwa maji ya chemchemi hizo mashamba hunyweshwa kwa mifereji. Kwa hiyo mtoto wa Kinna hukua akiyajua mambo mawili yanayopingana: vumbi la malisho yaliyokauka, na maji yanayopita taratibu kando ya shina la mhindi. Mtu angedhani kwamba mtoto wa namna hii, ambaye anajua thamani ya maji kuliko mtoto wa mjini, hahitaji kufundishwa habari za maji. Hata mimi nilidhani hivyo. Tulikosea sote.

Siku moja wanafunzi wa kidato cha pili waliniletea picha iliyokatwa katika gazeti. Ilikuwa picha ya mnyama mwenye rangi kama ya waridi, kichwa kipana, miguu minne mifupi, mkia kama wa samaki, na mdomo unaoonekana kama unatabasamu. Pande mbili za kichwa chake zilitokeza matawi mekundu kama manyoya ya ndege. Jina lake ni aksoloti. Mwaka 2021 mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft ulimwingiza katika orodha ya wanyama wake, na tangu hapo watoto wa nchi nyingi wamemjua na kumtamani. Vijana wangu nao walimtamani. Waliniambia, "Mwalimu, tuchange fedha tumwagize mmoja akae katika tangi la maabara." Niliwajibu kwamba hapana. Walipoondoka walisema kwamba mwalimu ni mchoyo wa furaha za watoto. Insha hii ni jibu langu kwao, na kwako wewe msomaji ambaye labda unayo tamaa kama yao.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana asiyejua maana haambiwi maana. Aksoloti ni wa jamii ya salamanda, ndugu wa mbali wa chura. Kwa desturi salamanda huanza maisha majini akiwa na matamvua, kisha hukomaa, matamvua yakapotea, akapanda nchi kavu. Aksoloti hafanyi hivyo. Hukua, huzaa na huzeeka majini huku akiwa bado na matamvua ya utoto wake. Hayo ndiyo yale manyoya mekundu ya picha. Akikatwa mguu huota mguu mwingine, wenye mfupa na vidole, na kwa sababu hiyo wataalamu wamemchunguza kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Nchi yake ni Mexico, katika maziwa ya baridi ya bonde lile ambalo leo lina jiji kuu. Ziwa moja limekaushwa. La pili, Xochimilco, limebaki mifereji tu. Mwaka 1998 wachunguzi walikadiria kwamba katika kila kilomita moja ya mraba ya maji yale walikuwamo aksoloti 6,000. Mwaka 2014 walikadiria 36. Lakini katika matangi ya dunia wamejaa, na wengi wao ni wa ukoo wa aksoloti 34 waliopelekwa Paris mwaka 1864. Tazama ajabu hiyo: mnyama anayekaribia kwisha kwao ni mnyama anayeuzwa dukani ugenini.

Na ni nini kilichommaliza kwao? Uchafu wa jiji ni sababu moja. Sababu ya pili itakugusa wewe Mwafrika. Watu walitia katika maji yale samaki wageni, mmoja aitwaye kapi na mwingine perege ambaye asili yake ni Afrika, ili wapate kitoweo. Wageni hao walizaana, wakala mayai ya aksoloti na chakula chake. Nia ilikuwa njema: kulisha watu. Kumbe nia njema isiyo na maarifa huweza kufanya kazi ya nia mbaya. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunaijua habari hiyo, maana sangara naye alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile zikatoweka.

Sasa tuje kwenye tangi. Aksoloti hutaka maji ya baridi, nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakipita nyuzi 24 kwa muda, mwili wake hudhoofika. Huacha kula, na kuvu nyeupe kama pamba huota juu ya matamvua yake. Kinna mchana joto la hewa hupita nyuzi 30 mara nyingi, na maji yaliyosimama katika chombo huifuata hewa. Pia maji ya moto hayashiki hewa nyingi kama maji ya baridi: katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 huweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni, na lita moja ya maji ya nyuzi 30 huweza kushika miligramu saba na nusu tu. Kwa hiyo kumleta aksoloti Kinna bila mashine ya kupoza maji mchana na usiku ni kumtia katika sufuria inayopashwa moto polepole na kupunguziwa pumzi. Hiyo ndiyo furaha ambayo mwalimu mchoyo aliwanyima wanafunzi wake.

Msomaji mwerevu ataniuliza, "Wewe uliyajuaje hayo yote?" Niliyajua kwa aibu. Miaka michache kabla ya picha ile, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu na cheti kipya mfukoni, nilipewa ulinzi wa maabara ya shule moja ambayo jina lake si lazima kutajwa. Palikuwa na tangi la kioo. Wanafunzi walileta samaki wadogo kumi na mmoja kutoka mfereji wa shamba, tukatia changarawe, mawe na majani ya majini. Samaki waliishi miezi mitatu bila shida. Ikakaribia siku ya wazazi. Nilitazama tangi, nikaona kioo kina ukungu wa kijani na mawe yana utelezi, nikaona haya. Niliamuru kila kitu kisafishwe. Vijana wawili walisugua kioo kwa sabuni, wakachemsha changarawe, wakayatupa maji ya zamani yote, wakajaza mapya. Tangi liling'aa. Wazazi walilisifu, nami nikapokea sifa kana kwamba ni haki yangu.

Siku ya nne samaki walianza kupanda juu ya maji na kufungua vinywa. Siku ya sita walikuwa wamekufa saba. Siku ya tisa hapakuwa na hata mmoja. Kijana mmoja kati ya wale wawili waliosugua kioo aliniuliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, walipokuwa katika uchafu walikuwa hai. Wamekufaje katika usafi?" Sikujua jibu. Ningeweza kusema kwamba sijui. Lingekuwa neno la heshima. Badala yake nilisema, "Ni kudura ya Mungu," na nikawaamuru wafungue vitabu.

Neno hilo limenisumbua kuliko vifo vya samaki. Kudura ya Mungu ni kweli, nami naiamini. Lakini siku ile sikuitaja kwa imani. Niliitaja ili kulifunga swali la mtoto. Nilimtwika Mungu mzigo wa ujinga wangu, na mtoto yule akakaa kimya, akiwa amejifunza kwamba swali jema hujibiwa kwa neno kubwa lisilo na maana. Mwalimu aliyefanya hivyo ameua zaidi ya samaki kumi na mmoja.

Jibu lenyewe nililipata baadaye katika vitabu, na lingeweza kufundishwa kwa dakika kumi. Samaki, chura wa majini na aksoloti hutoa taka ya miili yao katika maji wanamokaa. Sehemu kubwa ya taka hiyo ni amonia, ambayo ni sumu; huunguza matamvua na ngozi. Katika mfereji maji hupita na kuichukua. Katika tangi haina pa kwenda. Lakini juu ya mawe, changarawe na kioo huota bakteria wasioonekana kwa macho. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia; kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo, na ambayo huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji kila juma. Bakteria hao huhitaji majuma mengi, mara nyingi manne hadi manane, kujenga maskani yao katika tangi jipya. Utelezi ule nilioonea haya ulikuwa maskani yao. Niliwafukuza wafanyakazi wa usafi kwa jina la usafi. Na kwa kuwa amonia huwa kali zaidi maji yanapokuwa ya moto, jua la Kinna lilimaliza kazi niliyoianza.

Basi, msomaji, ukiniuliza maradhi makubwa ya wanyama wa matangini ni yapi, sitaanza kukutajia majina ya vijidudu. Nitakuambia kwamba maradhi ya kwanza ni ujinga wa mwenye tangi. Aksoloti anapokunja ncha ya mkia wake, matamvua yake yanapojipinda kuelekea mbele, anapokataa minyoo aliyoipenda jana, aghalabu hasemi kwamba kijidudu kimemwingia. Anasema kwamba maji yake ni mabaya. Anapoelea tumbo juu, huenda amemeza changarawe ambayo mwenye tangi aliitandaza kwa ajili ya urembo, ikaziba matumbo. Anapopungukiwa na kidole, huenda mwenzake amemng'ata, maana walibanwa wawili mahali pa mmoja. Kuvu, ambayo watu huikimbilia na dawa, mara nyingi ni mgeni aliyeingia nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Anayetia dawa bila kupima maji anapaka rangi ukuta unaoanguka.

Nawajua wapinzani wangu, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Mimi nampenda mnyama wangu; mapenzi yatosha." Hasha! Mapenzi ndiyo huzidisha chakula mpaka mabaki yakaoza chini ya maji. Mapenzi ndiyo humtoa aksoloti majini ili abusiwe, ilhali ngozi yake ni laini na hupokea kila kilicho mkononi, chumvi na sabuni. Mapenzi ndiyo humimina maji ya bomba yenye klorini kwa haraka ili mpenzi apate maji mapya. Hapa kwetu tunao ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa mlinzi wa wanyama Isiolo, na mkewe Joy walimlea mtoto wa simba jike aliyebaki yatima, wakamwita Elsa. Walimfundisha kuwinda, wakamrudisha porini katika nchi ambayo leo ni Mbuga ya Kitaifa ya Meru, jirani yetu. Kitabu cha habari zake kilitoka mwaka 1960 kikasomwa dunia nzima. Mwezi wa Januari mwaka 1961 Elsa alikufa, na kaburi lake limo katika mbuga ile. Hakuuawa na simba mwingine wala na mshale. Aliuawa na kijidudu cha damu kiletwacho na kupe. Hakuna atakayesema kwamba Elsa hakupendwa; yamkini hakuna simba aliyependwa kuliko yeye. Lakini mapenzi hayana macho ya kuona ndani ya damu, wala hayana ulimi wa kuonja amonia. Kazi hiyo ni ya kipimo na ya maarifa. Sisemi mapenzi ni bure. Nasema mapenzi ni mbegu, na mbegu isiyopaliliwa haivunwi.

Wa pili husema, "Porini ni kubaya zaidi. Huko angeliwa na ndege." Ni kweli kwamba angeweza kuliwa. Lakini mfungwa wako hakukuomba umwokoe na ndege. Kiumbe wa porini maji yakiwa mabaya huhama, jua likizidi hutafuta kivuli, chakula kikikosekana hukitafuta mbali. Ulipomtia katika kioo ulimnyang'anya miguu ya kuhamia. Tangu saa ile wewe ndiwe mto wake, wewe ndiwe wingu lake, wewe ndiwe kivuli chake. Waislamu wa Kinna, ambao ndio wengi, wanaijua tangu utotoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Tazama vizuri mahali kosa lilipo. Kama angemwacha paka huru asimlishe, pengine asingelaumiwa. Kufunga ndiko kulikogeuza kutolisha kuwa dhambi.

Wa tatu ana neno zito kuliko wote, nami namheshimu. Yeye husema, "Mwalimu, huoni haya? Kati ya mwaka 2020 na mwaka 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha sawasawa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Akina mama walitembea nusu siku kutafuta mtungi mmoja. Nawe unaandika habari za maji ya kijisalamanda?" Ndugu yangu, nakujibu kwa unyenyekevu. Kwanza, neno lako linaniunga mkono katika shauri la aksoloti: nchi yenye kiu haina lita za kumwaga kila juma kwa ajili ya pambo. Hiyo nayo ni sababu ya kusema hapana. Lakini pili, umekosea kudhani kwamba elimu ya maji ya tangi ni mbali na elimu ya maji ya kisima. Tangi ni bwawa dogo. Samadi inayoingia bwawani wakati ng'ombe wanapokanyaga ukingo hutoa amonia ile ile. Jua linalopunguza maji ya bwawa huzidisha ukali wa taka iliyobaki. Kijana aliyepima maji ya tangi kila Jumatatu kwa mwaka mzima, akayaandika katika daftari, ndiye kijana nitakayemwamini kesho aketi katika kamati ya maji ya kijiji.

Tena wazee wa Kiborana walilijua jambo hili kabla ya maabara kujengwa. Katika visima vyao yupo mtu aitwaye abba herega, mwenye kusimamia zamu za kunywesha. Huyu huamua mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje. Mtu hapeleki kundi lake kisimani kwa sababu tu analo kundi na analo kiu. Kwanza zamu, kwanza maji yawepo, kwanza kisima kipewe nafasi ya kupumzika. Busara hiyo yaweza kusemwa kwa maneno machache: wanyama huhesabiwa kwa maji, maji hayahesabiwi kwa wanyama. Kinyume chake ndicho anachofanya mwenye tangi wa leo. Hununua mnyama kwanza, kisha tangi, kisha ndipo auliza habari za maji, wakati mnyama ameshaanza kufa. Laiti angemwendea mzee mmoja wa kisimani, angefundishwa bila ada.

Asije mtu akadhani kwamba nachukia kila tangi. Siku nyingine tangi ni safina. Chukua habari ya chura wa Kihansi, nchini Tanzania. Chura huyu ni mdogo mno, hazidi sentimita tatu. Hatagi mayai bali huzaa watoto kamili. Wataalamu walimgundua mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, mahali ambapo maporomoko yalirusha manyunyu usiku na mchana. Dunia nzima hakuwa na nchi nyingine ila hekta chache zile. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ilianza kazi, maji yakaelekezwa katika mabomba, na manyunyu yakakauka. Mwaka huo huo vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kutunzwa katika matangi. Korongoni watu walijaribu kuweka mabomba ya kunyunyiza. Lakini mwaka 2003 vyura walioachwa walianguka ghafla, na kuvu mmoja anayeua vyura katika mabara mengi akaonekana kati yao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha.

Walikuwa wapi waliobaki? Matangini tu, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Lakini usidhani walikaa huko kwa raha. Miaka ya mwanzo wengi walikufa hata katika mikono ya wataalamu, mpaka wakabaki makumi machache. Walezi wao hawakusema "ni kudura" wakafungua vitabu vingine. Walipasua maiti kutafuta sababu, wakatibu minyoo, wakabadili taa, wakachuja maji, wakapanga manyunyu kwa saa, wakazalisha wadudu wadogo wa kuwalisha. Waliandika kila kifo. Vyura wakaanza kuzaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, katika matangi yaliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine walirudishwa katika korongo lao wenyewe. Hilo ndilo tangi ninalolivulia kofia. Tofauti yake na langu haikuwa kioo wala fedha tu. Palipo kifo, wao waliuliza. Palipo kifo, mimi nilinyamazisha.

Na mauti ya korongoni yanatufundisha jambo jingine: maradhi husafiri. Mnyama wa majini akihamishwa huhama na kuvu wake, na maji yake yakimwagwa mtoni humwaga yaliyomo. Kwa hiyo anayechoka na mnyama wake, akaenda usiku kumwachilia katika mfereji wa jirani akidhani anatenda hisani, anatenda uharibifu ambao hataweza kuulipia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 juu ya wanyamapori inataka kibali kwa mtu atakaye kufuga wanyamapori. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, akili ingetosha kukataza.

Sasa, msomaji kijana, sikukatazi kupenda. Nakutaka ujiulize maswali haya kabla hujamtia kiumbe yeyote katika chombo. Je, joto la hapa ni joto lake? Nani atabadili maji wakati wa likizo, wakati wa mtihani, wakati wa kiangazi? Maji hayo yatatoka wapi, na yatamnyima nani? Tangi limeandaliwa kwa majuma, au limenunuliwa jana? Aksoloti anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka kumi na zaidi. Je, nadhiri yako ina umri huo? Ukishindwa swali moja, mwache mnyama alipo, nenda ukamtazame huko. Viluwiluwi wa mfereji wa Kinna wanaota miguu mbele ya macho yako bila kukugharimu senti moja, na hakuna atakayekuita mlinzi wa gereza. Ukiyaweza yote, basi inama ufanye kazi, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nimebakiza deni moja. Yule kijana aliyeniuliza swali alikuwa bado shuleni nilipopata jibu. Nilisimama mbele ya darasa lile lile nikamwambia kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa la uongo. Kwamba samaki waliuawa na amri yangu, si na kazi ya mikono yake. Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Yeye aliuliza, "Basi tukianza upya, tungoje majuma mangapi?" Tuliweka mawe na maji bila samaki, tukapima, tukaandika, tukangoja majuma saba. Kulitazama tangi tupu majuma saba ni kazi ngumu kwa kijana, na ni ngumu zaidi kwa mwalimu mwenye haraka ya kusifiwa. Lakini katika majuma yale saba nilifundisha zaidi ya niliyofundisha katika miezi mitatu ya tangi lenye samaki.

Ndiyo maana vijana wa picha ya gazeti niliwaambia hapana, na wakirudi nitawaambia hapana tena. Anayemfunga kiumbe amejifunga mwenyewe kwa kamba ile ile: kamba ya maji, ya joto, ya chakula na ya ukweli. Asiye tayari kufungwa, asifunge.